Vyama Arobaini na Kimoja, Vyumba Kumi na Kimoja

Kwa Mheshimiwa Mama Mkuu wa Chuo,
Ofisi ya Utawala, Ghorofa ya Pili,
Chuo cha Wasichana.

YAH: MAONI YA MTUNZA FUNGUO KUHUSU VYAMA VYA WANAFUNZI, NA OMBI LA KUVIFUTA VYOTE

Mama yetu mpendwa,

Shikamoo, na pole na kazi. Kichwa cha habari kiko hapo juu, nami cha kwangu kinaniuma, kwa hiyo naomba niende moja kwa moja kwenye jambo.

Jumatatu ulibandika tangazo nje ya ofisi yako. Nililisoma mara mbili, mara ya kwanza bila miwani na mara ya pili nikiwa nayo, na lilisema vilevile. Umesema chuo kina vyama vya wanafunzi arobaini na kimoja, na jengo la madarasa lina vyumba kumi na kimoja. Umesema chama ambacho hakitakuwa na chumba cha kukutania ifikapo mwisho wa mwezi kitafutwa kwenye daftari. Na chini kabisa ukasema mfanyakazi mwenye maoni ayaandike na kuyaleta kabla ya Ijumaa. Mama, hapo ulinigusa penyewe. Wafanyakazi wengine watakuandikia mambo ya kukufurahisha. Mimi ndiye ninayekaa na hizo funguo, huu mwaka wa kumi na tisa, kwenye meza ndogo pale chini ya ngazi, na hata hiyo hesabu ya vyumba ni mimi niliyempa karani wako. Wasichana wananiita Shangazi wakiwa mbele yangu, na Shangazi Kufuli nikigeuza mgongo. Nayaitikia yote mawili.

Maoni yangu ni kwamba vifutwe. Sisemi vile visivyo na vyumba tu, nasema vyote, na daftari lenyewe likunjwe. Sababu zangu nimezipanga kwa namba, maana nimeona ndivyo wasomi wanavyofanya wanapokuwa na hasira.

1. Chama cha Mdahalo. Mwenyekiti wao ni binti mwembamba ambaye wenzake wanamwita Hoja. Sheria ya funguo unaijua, hazitoki kabla ya saa kumi alasiri. Hoja alikuja saa tisa na nusu kutaka ufunguo wa chumba namba tatu. Nikamtajia sheria. Akaniamkia upya, kwa adabu zote, kisha akaniuliza sheria hiyo iliwekwa kwa sababu gani. Miaka kumi na tisa, Mama, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikajifanya nazipanga upya funguo ubaoni. Alipoona nimekwama akanihurumia, akaomba ruhusa anisaidie kuitetea. Akatoa hoja tatu za kwa nini ufunguo usitoke kabla ya saa kumi, hoja nzuri kabisa, mpaka nikajisikia fahari kuwa mtunza funguo. Halafu akazijibu mwenyewe moja baada ya nyingine, na ya tatu ilipoanguka nikajikuta nimeshamkabidhi ufunguo kwa mikono miwili.

Ugonjwa wenyewe nimeubeba hadi nyumbani. Mume wangu ni fundi viatu na si mtu wa maneno mengi. Siku moja aliuliza kwa nini chakula kimechelewa, nami nikampa hoja mbili. Tangu hapo Jumanne na Alhamisi anapika yeye. Hilo silalamikii, nimelitaja tu ili uone jinsi jambo hili linavyoenea.

2. Chama cha Huduma ya Kwanza. Hawa tatizo lao ni kwamba wana bendeji tele na majeruhi hawana. Kwa hiyo mtu yeyote akipita karibu nao akapiga chafya, huyo ni mali yao. Mimi nilijikwaa kidogo tu pale ngazini. Sikuanguka, niliyumba. Kabla sijaugusa ukuta nilikuwa nimelazwa chali, mkono umefungwa ubao, miguu imeinuliwa juu ya mabegi, na binti mmoja ananiuliza kama nakumbuka leo ni siku gani. Nilikuwa nakumbuka, ila kwa hasira sikusema, na huko kutosema kwangu kukaandikwa kwenye karatasi kuwa ni dalili. Siku hiyo somo lao lilikuwa kubeba mgonjwa kwa machela. Basi nilibebwa kutoka ngazini hadi langoni na kurudishwa, mara mbili, kwa sababu safari ya kwanza walikosea mguu wa kuanzia.

Mlinzi wa lango aliponiona napita nimefunikwa shuka alivua kofia. Mzee wa watu haoni vizuri, na wala hakuuliza, alichofanya ni kutuma habari kwetu. Saa kumi na moja mdogo wangu wa kike akaingia analia, amevaa kiatu kimoja cha kwake na kimoja cha jirani, akanikuta nimekaa mezani nakunywa chai kwa mkono mmoja. Alinyamaza palepale, kisha akaanza kunigombeza kwamba nimempotezea siku nzima. Hivyo nimelazwa, nimebebwa, nimeliliwa na nimegombezwa, na sikuwa mgonjwa.

3. Chama cha Maigizo. Nilikuwa nafagia korido ya juu nikasikia sauti kutoka chumba namba sita, mwanamke anapiga yowe kwamba mwanawe ameuawa. Sikungoja. Mimi ni mzazi, na nilikuwa na ufagio. Nikaingia kwa bega nikamkuta muuaji amesimama katikati ya chumba na masharubu yake, nikamchapa viwili vya mgongoni kabla sijagundua kwamba masharubu ni ya mkaa na muuaji ni yule binti mpole wa mwaka wa pili anayenisaidiaga kubeba ndoo. Nilitaka ardhi ipasuke. Nikategemea watanishtaki kwako, na nilikuwa tayari, nimeshaanza kupanga maneno ya utetezi. Wapi. Walinipigia makofi. Wakasema mchezo ule ulikuwa na pengo ambalo hawakulijua, nami nimeliziba. Sasa kila Jumanne saa kumi na robo natakiwa niwe nyuma ya mlango wa chumba namba sita, nisikie yowe, niingie, nichape. Malalamiko yangu hapa ni kwamba hawajanipa hata neno moja la kusema. Mtu hawezi kuingia kwenye nyumba ya watu kimyakimya na kuanza kupiga, hata awe na sababu. Nimewaandikia mistari minne, wanasema wataijadili.

4. Chama cha Bustani kimepanda mbegu kwenye ndoo yangu ya kudekia. Niliambiwa nisiihamishe mpaka zichipue. Zimechipua. Sasa naambiwa nisizishtue.

5. Hili la tano, Mama, ndilo lililonivunja nguvu, maana linahusu utaratibu wangu mwenyewe. Zamani wanafunzi walikuwa wakichukua funguo na kusahau kurudisha, mpaka nikabuni njia. Kila chama kikija kuchukua ufunguo lazima kiache kwangu kitu kimoja ambacho bila hicho chama hakiendi mbali, nami nakitundika kwenye msumari uleule palipokuwa na ufunguo. Chama cha Mpira kinaacha filimbi ya refa mpaka kitoe mipira na kurudisha ufunguo. Chama cha Sataranji kinaacha mfalme mweupe mpaka chumba kishafunguliwa na meza kupangwa, ndipo mmoja wao anarudisha ufunguo na kumchukua mfalme wake. Kwaya, walipokuwa na chumba, walikuwa wakiacha kitabu cha nyimbo. Kwa njia hii sijapoteza ufunguo hata mmoja, na Makamu wako aliwahi kunisifu kwa hilo mbele ya watu.

Sasa, wiki mbili zilizopita miwani yangu ilikuwa kwa fundi. Mpira walikuja wanakimbia kurudisha ufunguo, mechi inaanza, nikawapa kilichokuwa msumarini. Sataranji nao wakaja, nikawapa kilichobaki. Nusu saa baadaye nikatoka nje kufuata kelele, nikaona refa katikati ya uwanja amemwinua juu mfalme wa sataranji, na wachezaji ishirini na wawili wamesimama wima. Kila rafu ikitokea anamwinua mfalme, na wote wanamtii kuliko walivyowahi kuitii filimbi. Nikarudi ndani nimeshika kiuno. Huko chumba namba nane, kila binti akimbana mwenzake kwenye ubao anapuliza filimbi, na Chama cha Wasomaji wa Kimya, kilichoko chumba cha jirani, kinaruka kwenye viti.

Kosa lilikuwa langu, nami nililisubiri kama mtu mzima. Nikangoja waje wanilaumu. Walikuja, ndiyo, wajumbe wanne kutoka vyama viwili, wakaniomba nikubali mabadilishano hayo yawe ya kudumu. Mama, mtu anafanya kosa la wazi, mwaka wa kumi na tisa kazini, na hapewi hata lawama moja. Heshima ya kazi iko wapi?

6. Kwaya hawana chumba muhula huu kwa hiyo wanaimbia ngazini, na mimi meza yangu iko chini ya ngazi. Sina la kusema juu ya sauti zao. Ila nimejigundua nafagia kwa sauti ya pili. Ufagio unakwenda na wimbo, na korido iliyokuwa ikinichukua saa nzima sasa inaisha kwa dakika arobaini. Hizo dakika ishirini zinazobaki nafikiri, na katika umri wangu kufikiri ovyo si jambo la afya.

Nikifikiri ndipo ninapokumbuka zamani. Nilipoanza kazi hapa hakukuwa na vyama. Kengele ya mwisho ikilia, wasichana wa mwaka wa kwanza walikuwa wakienda bwenini, kila mmoja anajifunika shuka yake, analia kwa kumkumbuka mama yake. Palikuwa na utulivu wa ajabu. Kila mtu na kilio chake, hakuna anayemsumbua mwenzake, na mimi nafunga jengo saa tisa na dakika tano. Sasa jaribu kulia katika chuo hiki uone. Muhula huu nilimwona binti mmoja mgeni ameinama kwenye dirisha la korido, machozi yanamtoka vizuri tu. Hata dakika mbili hazikupita. Walikuja wa Bustani wakampa mche aushike, wakaja wa Mdahalo wakamuuliza anaunga mkono au anapinga, na saa kumi na moja nilimwona yuko golini kwenye uwanja wa mpira, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, anacheka. Nani sasa atamkumbuka mama yake?

7. Nilitaka kuishia hapo, lakini liko la saba, na wanaohusika ndio ningependa wafutwe wa kwanza. Ni Chama cha Redio. Wako watatu. Mkubwa wao wanamwita Waya, wawili waliobaki ni mtu na binamu yake na hawaachani. Hawana chumba na hawajawahi kuwa nacho. Wanakaa kwenye kidato cha nne cha ngazi, karibu na swichi ya ukutani, wametandika gazeti, wanafungua redio mbovu za watu na kuzirudishia uhai. Mimi nina redio yangu ndogo ya mezani, ilikuwa inakamata stesheni moja na nusu, nami nilikuwa nimeizoea hivyo. Siku moja nilikwenda kujaza maji, kurudi nikaikuta imetengenezwa. Hakuna aliyeniomba ruhusa. Tangu siku hiyo nasikia habari zote mpaka mwisho, na nyingi si nzuri. Zamani zilikuwa zinakatika kabla ya ubaya, nikawa naenda nyumbani na matumaini.

Lakini hilo si kubwa. Linaloniudhi ni kwamba kila siku saa kumi, wenzao wakija kuchukua funguo, hawa watatu nao huja. Wananiamkia. Wanasimama kando wakiutazama ubao wa funguo mpaka ufunguo wa mwisho unachukuliwa, kisha wananishukuru, sijui kwa lipi, wanarudi ngazini kwenye gazeti lao. Hawajawahi kulalamika. Mtu asiyelalamika anachosha, Mama. Mwenye kelele utamjibu, asiyesema neno utamfanya nini? Mwisho wa mwezi chama chao kitafutwa kwa sababu hakina chumba, na sheria ni sheria. Nasema kifutwe upesi ili nikiinua macho saa kumi nisiwaone tena wamesimama pale. Inaniudhi. Kusema kweli inaniuma, lakini hilo halihusu ofisi.

Kwa sababu hizo saba, naomba yafuatayo.

Vyama vyote arobaini na kimoja vifutwe. Ikionekana kwamba wasichana watakutana hata bila vyama, basi iwekwe amri kwamba baada ya kengele ya mwisho kila mwanafunzi alale mpaka asubuhi. Wakishindwa kulala, na hawa nawajua, watashindwa, basi mwakani chuo kiwachuje wakati wa kuwapokea. Binti anayeimba asipokelewe. Anayeuliza kwa nini asipokelewe. Mwenye mikono isiyotulia arudishwe kwao na barua ya shukrani. Wakikosekana wanaofaa, nashauri chuo kiendelee bila wanafunzi. Nimelipima sana wazo hili na sioni kasoro. Walimu watakuwepo, ofisi yako itakuwepo, vyumba kumi na kimoja vitakuwa vimefungwa, funguo zote kwenye misumari, sakafu inang'aa, nami niko mezani kwangu. Hakuna wa kujikwaa naye ngazini, hakuna yowe, na saa kumi ikifika hakuna mtu hata mmoja wa kuja kuniita Shangazi. Nilipofika kwenye sentensi hiyo niliweka kalamu chini kidogo, mkono ulikuwa umechoka.

Natumaini utalipokea ombi langu kwa uzito wake na kulisoma kwenye kikao cha Ijumaa, kwa sauti, bila kuruka namba yoyote.

Nisalimie Makamu, na umwambie mlango wa ofisi yake unahitaji mafuta. Nisalimie karani, mpishi mkuu na wote wa jikoni, walimu wa ghorofa zote tatu, na mlinzi wa lango, ambaye mpaka leo akiniona asubuhi anashtuka. Wanao nyumbani pia uwape salamu, na mzee.

Ni mimi mtumishi wako, mwenye funguo zote na asiye na raha hata moja,

Mtunza Funguo,
Jengo la Madarasa.

Nyongeza: Mama, barua hii usiisome kwenye kikao.

Niliimaliza jana mchana. Saa kumi wale watatu wa redio wakaja kama kawaida, ila jana walikuwa wamebeba vitu vyao kwenye boksi. Walikuja kuniaga. Walikuwa wamelisoma tangazo lako na wameona hakuna haja ya kungoja mwisho wa mwezi kufukuzwa, afadhali wawapishe kwaya nafasi ngazini. Waya akaniomba niwe naitoa redio yangu juani mara moja kwa wiki, ina unyevu kidogo kwenye betri. Yule binamu akanishukuru kwa kuwaachia kile kidato cha nne. Niliona haya, Mama. Kwa umri wangu huu niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Hesabu niliyompa karani si sahihi. Vyumba viko kumi na viwili. Cha kumi na mbili kiko mwisho wa korido ya chini, nyuma ya lile kabati kubwa, na kila mtu anadhani ni ukuta. Nilikikuta mwaka wa kwanza wa kazi yangu nikakipenda, nikalisogeza kabati mwenyewe mbele ya mlango wake, nikaacha upenyo wa kupita ubavu. Kina dirisha moja, na kiti ambacho nimekuwa nikinyooshea miguu kila siku baada ya chakula cha mchana, miaka kumi na tisa. Ufunguo wake haujawahi kukaa kwenye ubao, uko mfukoni mwangu. Jana nililirudisha kabati kando, watatu hao wakanisaidia. Tumefagia, tumefuta dirisha, na umeme upo, wameujaribu. Wanasema meza mbili zitaenea, na wao wakikitumia Alhamisi, Kwaya wanaweza kukitumia Ijumaa.

Nimeambatanisha fomu yao ya kuomba chumba. Fomu inataka sahihi za wanachama wanne, nao ni watatu tangu mwenzao alipohamia chuo kingine, kwa hiyo ile sahihi ya nne, iliyoandikwa kwa herufi kubwa na kuvuka mstari, ni yangu. Nimeshapewa kazi. Nashika waya mwekundu, na nimeambiwa nisiuachie mpaka Waya aseme. Kwa hiyo kila Alhamisi kuanzia saa kumi usinitafute mezani. Anayetaka ufunguo anifuate huko mwisho wa korido, na abishe hodi kwanza.